Mi Fa, Mi Po: Likizo za Juni za Mwalimu wa Filimbi

Vijana mnaofundisha muziki, na ninyi mnaofundisha hesabu mkaambiwa "na muziki uchukue wewe," haya ni yenu. Mimi nimestaafu. Nimeagwa kwa soda na hotuba, nikapewa saa ya ukutani, zawadi nzuri sana kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Habari za madaraja na mishahara waulizeni wengine. Nataka kuwaeleza jambo moja ninalolijua vizuri kuliko mengine yote: namna ya kumpata mtoto anayerudi kutoka likizo akiwa bado anaweza kupiga kile alichokuwa anapiga siku mlipofunga shule. Mkiona najisifu, niacheni nijisifu. Nimefanya kazi.

Nilipangiwa shule iliyokuwa kando ya moja ya mashamba ya ngano ya serikali huku Hanang, enzi hizo tukiwa bado mkoa wa Arusha. Mimi ni mtoto wa Dongobesh, kwa hiyo ngano sikuishangaa. Nilishangaa ukubwa wake. Kwetu shamba la ngano lilikuwa na mpaka, na mpaka ule ulikuwa na ugomvi na jirani. Pale ulisimama mlangoni mwa darasa ukatazama ngano mpaka miguuni mwa mlima, na hakukuwa na jirani wa kugombana naye. Nusu ya wanafunzi walikuwa watoto wa madereva, mafundi na walinzi wa shamba. Nusu nyingine walitoka kwa wakulima na wafugaji wa vijiji vya jirani.

Siku yangu ya kwanza mwalimu mkuu, Mwalimu Akonaay, mzee mrefu aliyevaa koti hata jua la Januari lilipokuwa kali, aliniuliza kama chuoni nilisoma muziki. Nikasema nilisoma kidogo. "Kidogo kinatosha," akasema, akatoa ufunguo mfukoni na kufungua stoo. Ndani kulikuwa na kasha la filimbi za plastiki, zile ndefu za rangi ya maziwa, zenye matundu saba mbele na moja nyuma kwa ajili ya kidole gumba. Aliziacha mama mmoja Mzungu, mke wa mtaalamu wa mitambo, aliyekuwa akifundisha watoto wa kambi ya shamba kabla hajarudi kwao. Juu ya kasha Mwalimu Akonaay alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu MALI YA SHULE, na chini yake, kwa herufi kubwa vilevile, HAITOKI.

Niligawa filimbi asubuhi ileile, kosa ambalo kila mwalimu wa muziki hulifanya mara moja tu maishani. Darasa zima lilipuliza kwa pamoja. Mpishi wa uji alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani ameumia. Tangu siku hiyo nilikuwa nawafundisha kwanza kushika, halafu kunyamaza, halafu ndipo kupuliza, na ninawashauri mfuate utaratibu huo huo.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Unyoya wa kuku wa kusafishia mdomo wa filimbi, maana vumbi la ngano likiingia humo na kukutana na mate linageuka uji. Maji ya sabuni kila Ijumaa. Ubao ambao nilichora noti kwa chaki, do re mi fa so la ti do, moja juu ya nyingine. Na watoto wenyewe, ambao walikuwa na masikio mazuri kuliko yangu, kwa sababu walikuwa wanajua ng'ombe aliyepotea kwa kengele yake tu.

Kufikia mwisho wa Mei tulikuwa tunapiga nyimbo kamili, na wazazi wakipita nje ya dirisha walikuwa wanasimama. Halafu Juni shule ikafungwa, kasha likarudi stoo, ufunguo ukarudi kwenye koti la Mwalimu Akonaay, na watoto wakatawanyika. Wengine walikwenda Gehandu na Getanuwas kuchunga, wengine wakawekwa mashambani kufukuza kwelea kwelea, wengine wakapelekwa kwa bibi na babu zao Mbulu kusaidia kuvuna maharage. Waliporudi hawakuwa na kitu. Vidole vilikuwa vigumu kwa kushika mpini, midomo imepasuka kwa baridi, na nyimbo zimebaki vichwani kama majina ya watu uliowahi kukutana nao msibani.

Bahati mbaya ni kwamba sherehe ya mavuno ya shamba ilikuwa inafanyika wiki hiyohiyo shule inapofunguliwa. Kombaini, zile mashine za kuvunia, zinasimama, wageni wanakuja, ng'ombe wanachinjwa, na shule inatumbuiza. Mwaka wangu wa kwanza tulitumbuiza. Sitaki kueleza sana. Wageni waliinamisha vichwa, na mmoja akaangalia tairi la kombaini kwa makini mpaka tulipomaliza. Meneja wa shamba, mtu mwenye haraka lakini asiye na dharau, aliniita pembeni. "Mwalimu, hizi filimbi ziliachwa kwa watoto wa shamba. Kambi ya pili nao wana shule, na mwalimu wao anazitaka. Mavuno yajayo mkipiga hivi tena, zitahamia kule." Nilisema sawa, bwana meneja. Nyumbani nililia, halafu nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonisaidia.

Nilikwenda kwanza kwa Mwalimu Akonaay nikaomba watoto waende na filimbi nyumbani likizo ya Juni. Alinitazama kama niliyeomba kwenda na bendera. "Moja ikipotea nani anajibu?" Nikasema mimi. "Hapana. Anajibu mwalimu mkuu." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kujibu kwa ajili ya jembe lililopotea, na lile jembe lilimfuata kila alikohamishiwa.

Hapo ndipo nikamkumbuka mkufunzi wangu wa chuo, mzee Lohay. Chuo kilikuwa na kinanda kimoja, na kinanda hicho kilikuwa na mwenyewe na mwenyewe alikuwa na ufunguo. Mzee Lohay akachora vitufe vyote vya kinanda juu ya ubao mrefu wa mninga, akatuketisha mbele yake. Tulipiga ubao huku tukiimba noti kwa midomo, mwaka mzima. Wa chuo kingine walitucheka mpaka siku ya mtihani. Alikuwa akituambia, "Mtoto hasahau kwa kichwa, anasahau kwa vidole. Vipe vidole kazi, kichwa kitafuata chenyewe." Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba watu hudhani ni yangu, na sikuwahi kuwasahihisha.

Sasa, ubao mtoto wa kuchunga hawezi kutembea nao. Lakini fimbo anayo. Hakuna mtoto wa kwetu aliyekwenda machungani bila fimbo. Nikawaambia kila mmoja alete fimbo yake, iliyonyooka, unene wa filimbi, nikawapeleka karakana ya shamba. Pale kulikuwa na dereva wa trekta aliyeitwa Margwe, baba wa mwanafunzi wangu Paulina. Wakati wa kusubiri spea, na muda mwingi wa enzi zile ulikuwa wa kusubiri spea, alikuwa anasaidia mafundi. Alipasha waya moto, nikaweka filimbi kando ya fimbo, akachoma vishimo mahali palepale pa matundu, saba mbele na kimoja nyuma. Havikupenya, vilikuwa vya vidole kukaa tu. Ile karakana ilinuka moshi wa miti yote ya Hanang.

"Mwalimu," Margwe aliniuliza, "hii itatoa sauti?"

"Haitatoa."

"Basi ya nini?"

"Sauti atatoa mtoto."

Akatikisa kichwa, akachoma inayofuata.

Niliwapa kazi ya likizo. Asubuhi, weka kapi la ngano kiganjani, ulipulizie polepole mpaka lianze kutetemeka lakini lisiruke. Likiruka, pumzi yako ni ya kufukuzia kuku. Mchana, sikiliza mashine: kombaini iliyo karibu nawe ikinguruma, tafuta sauti yake kwa mdomo, halafu panda kutoka hapo noti kwa noti. Mpaka leo kuna watu wazima wanaoweza kukuambia kombaini ipi ya enzi zile ilikuwa inaimba so. Na muda wote wa kuchunga, shika fimbo kama filimbi, uimbe noti huku vidole vikienda.

Noti iliyotuua kwenye sherehe ilikuwa fa. Anayejua filimbi hizi ananielewa. Kutoka mi kwenda fa, mkono wa kulia unafanya mambo mawili kinyume kwa mara moja: kidole cha kati kinainuka, na hapohapo cha pete na kile kidogo vinashuka. Ukichelewa hata kidogo filimbi inalia kama mlango. Kwa hiyo nikawaagiza wote: mkisahau mengine yote, msisahau mi fa. Mi fa, mi fa, mi fa, polepole, kila siku, mpaka vidole viende bila kuulizwa. Paulina nilimkazia zaidi, kwa sababu wimbo wetu wa mavuno ulikuwa na mahali pa mmoja kupiga peke yake, na hapakuwa na mwingine wa kupewa. Wenzake walikuwa wazuri. Yeye alikuwa na subira, na filimbi ni subira. Likizo ile alikuwa anakwenda Nambis, kule Mbulu, kwa bibi yake mzaa baba.

Mimi sikupumzika. Nilikuwa na baiskeli, nikazunguka. Gehandu nilimkuta mmoja juu ya kichuguu, ng'ombe wametulia, anaimba huku vidole vinatembea juu ya fimbo vizuri kabisa. Nilisimama mbali nikamtazama mpaka nikaona aibu kama mtu anayesikiliza maombi ya mwenzake. Nilifurahi, nasema kweli. Nilijua tumeshashinda.

Likizo ilipofika katikati, Margwe akaja nyumbani kwangu. Alikuwa amenizidi umri, nikamwamkia.

"Shikamoo, baba Paulina."

"Marahaba, mwalimu." Hakukaa. "Nimeletewa habari kutoka mnadani. Mama yangu amevunja ile fimbo ya mtoto. Amesema Paulina harudi tena kwako. Atasoma hukohuko Nambis."

"Kwa nini?"

"Anasema unamfundisha mtoto kuita kifo."

Nikamwambia mimi sijafundisha chochote cha kifo, nimempa zoezi tu.

"Zoezi linasemaje?"

"Mi fa, mi fa."

Margwe alisogea karibu. Akavua kofia. "Mwalimu. Hebu sema tena."

Nikasema tena, na safari hii nikajisikia mwenyewe. Lazima mjue kwamba wazee wetu wengi wa Kiiraqw, Kiswahili walikipata mnadani, maneno bila viungo, na mtu alikuelewa akakupa bei. Mzee wa namna hiyo akitaka kukuambia anakufa, hasemi "ninakufa." Anasema, "Mi fa." Nilikuwa nimewatuma watoto wa wilaya mbili kukaa na ng'ombe kutwa nzima wakitangaza kwamba wanakufa, tena kwa sauti nzuri.

Margwe hakucheka. "Mdogo wangu tulimzika masika haya," akasema. "Palepale kwa mama."

Yeye asingeweza kuondoka, kombaini zilikuwa zinaandaliwa. Nikaenda mimi. Lori la ngano lilinifikisha njiani, nikalala Dongobesh kwa dada yangu, kesho yake nikapata gari mpaka Mbulu, na kutoka pale nikaenda kwa miguu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kueleza asili ya majina ya noti. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilipofika sikuitumia hata neno moja.

Bibi alikuwa uani anapura maharage. Mama mwenye umbo dogo, mkavu, mwenye macho yanayokuangalia usoni bila kuondoka. Paulina alisimama mlangoni, akaniamkia, akaangalia chini. Nikamwamkia bibi.

"Marahaba." Akaendelea kupura. "Wewe ndiyo mwalimu ya kufa?"

Nikasema ndiyo mimi, bibi, lakini si ya kufa, ni ya filimbi.

"Keti."

Nikaketi. Alipura mpaka rundo likaisha, halafu akaketi naye, akaniambia kwa Kiswahili chake, na palipomshinda akaongea Kiiraqw, ambacho ni changu pia.

"Kijana yangu alikufa. Unajua nyumba ya kufiwa." Nilijua. Zamani kwetu nyumba iliyofiwa ilikaa peke yake kwa muda. Jirani haji, moto hauombwi, maji unachota ukiwa mwenyewe. "Tumekaa hivyo. Sasa imeisha. Jirani anaanza kuja. Mama ya pale," akaonyesha boma la pili kwa kidevu, "alikuja na maziwa. Anafika kwa mlango, anasikia mtoto nyuma ya nyumba. Mi fa. Mi fa. Mi fa. Anaweka maziwa chini. Anarudi kwake mbio. Mpaka leo haji."

Mimi nikajaribu. Nikasema ni jina tu la sauti, bibi, halina maana.

"Jina inaita," akasema. "Wewe nikiita jina yako, si unakuja?"

Nikasema hata kanisani kwaya hutumia noti hizohizo.

"Padri anaimba fa?"

"Haimbi fa, bibi. Anaimba maneno."

"Basi."

Nikaona hapa sitashinda kwa hoja, na nilikuwa nimechoka kwa kutembea. Nikamwambia ukweli. Kwamba mjukuu wake huyu ana vidole ambavyo sijavipata kwa mwingine. Kwamba filimbi zitaondolewa kwetu baada ya mavuno tusipopiga vizuri, na bila Paulina hatutapiga vizuri. Na kwamba ile sauti lazima iitwe kitu, maana vidole vinafuata mdomo. Nikasema, "Bibi, niambie wewe iitweje."

Alikung'uta makapi ya maharage kwenye nguo yake, akanigeukia. Nadhani hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza kitu ambacho hakikuwa ada au mahudhurio.

"Pona," akasema. "Anaimba pona."

Nikamwambia pona ni ndefu kwa noti moja, ulimi unagonga mara mbili. Tuchukue mwanzo wake. Po. Nikamwimbia: do, re, mi, po. Akajaribu mwenyewe, si kwa kuimba, kwa kuonja. "Mi po." Akasema tena. "Mi po. Mi iko. Mi napona." Akacheka, meno ya mbele hayapo, akampigia Paulina kelele aje. Paulina aliimba pale uani kwa sauti kubwa, na mimi na bibi tukaitikia, mi po, mi po. Baadaye yule mama wa boma la pili akachungulia kwenye uzio. Bibi akamwita kwa jina. Mama akasita, kisha akaja, akaketi kwenye maganda ya maharage nasi.

Fimbo mpya aliichagua bibi mwenyewe, na waya tuliupasha kwenye jiko lake. Vishimo nilipima kwa vidole vya Paulina, maana filimbi ilikuwa stoo, HAITOKI.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya baiskeli. Sikutaka watoto wengine waendelee kutangaza vifo Hanang nzima, na kikundi hakiwezi kuimba majina mawili. Nikazunguka upya, boma kwa boma, nikiwaambia kuanzia leo fa inaitwa po. Getanuwas mzazi mmoja, mzee makini aliyekuwa mjumbe wa kamati ya shule, aliniuliza, "Mwalimu, waraka umetoka?" Enzi zile kila kitu kilikuwa kinabadilishwa kwa waraka. Nikajibu umetoka. "Kutoka wapi?" Nikasema kutoka Nambis. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Sawa. Tutatekeleza."

Shule ilipofunguliwa Paulina alikuwa kwenye mstari. Mwalimu Akonaay akafungua stoo, nikagawa filimbi, nikawaambia washike, wanyamaze, halafu wapulize. Mwanzo midomo iliwasumbua. Vidole havikuwasumbua. Vilikwenda mahali pake kama ng'ombe wanavyoingia zizini, kila kimoja kwake. Mwalimu Akonaay alisimama mlangoni na koti lake, ufunguo bado mkononi. Alipoondoka alisahau kufunga stoo, na yule hakuwa mtu wa kusahau.

Siku ya mavuno upepo ulikuwa mkali na makapi yanaruka, nikaogopa kwa ajili ya midomo ya filimbi. Niliwaambia wazifiche ndani ya sweta mpaka tuitwe. Tukaitwa. Kwanza waliimba wimbo kwa noti, kama tulivyozoea kuanza mazoezi, do re mi po, na kati ya wageni afisa mmoja aliyesoma muziki akainua uso. Halafu wakapiga. Wakafika pale pa Paulina, wenzake wakashusha filimbi, akabaki peke yake mbele ya zile mashine kubwa zilizozimwa. Mi. Cha kati kikainuka, cha pete na kidogo vikashuka, na ile sauti ikatoka safi, ikakaa hewani, akaishikilia kwa pumzi ya kutetemesha kapi bila kulirusha. Sijawahi kusikia fa nzuri kama ile, na nimezisikia nyingi. Nilijivuna mpaka nikahisi joto usoni.

Afisa alinifuata. "Mwalimu, wamepiga vizuri sana. Lakini hakuna noti inayoitwa po."

Nikamwambia iko. Akafikiri kidogo, akasema basi, maadamu imetoka. Meneja alikuja na haraka yake, akanishika mkono. "Zinabaki," akasema, akaenda kuangalia nyama.

Nilidhani yameisha. Lakini bibi alikuwepo. Margwe alimleta kwa lori, amevaa shuka yake nzuri, na alikuwa amekaa na wake wa madereva akiangalia kila kitu. Sherehe ilipokuwa inaisha alimwona Mwalimu Akonaay anakusanya filimbi kwenye kasha, akanyanyuka akamfuata. Mwalimu Akonaay akamwamkia. Bibi akaitikia, akaonyesha kasha.

"Hii unapeleka wapi?"

"Stoo, mama."

"Watoto wakienda likizo, inalala huko peke yake?"

"Ndiyo. Ni mali ya shule."

"Na mtoto nani?"

Mwalimu Akonaay hakuelewa. Bibi akamshika Paulina bega. "Huyu. Ni mali ya nani?"

"Ni mtoto wenu, mama. Na ni mwanafunzi wetu."

"Huyu unampa mimi likizo nzima," bibi akasema, "mtoto, mtu kamili. Huogopi napoteza. Plastiki unaogopa."

Nilimwona Mwalimu Akonaay akitafuta lile jembe lake lililopotea, akakosa pa kuliweka. Akasema tutaona. Desemba ilipofika akaita Paulina ofisini, akamkabidhi filimbi moja mbele yangu, moja tu, kwa majaribio, akamwagiza amwambie bibi yake kwamba mwalimu mkuu ndiye anayejibu.

Likizo ile nzima sikulala vizuri. Nilifikiria mvua, mbwa, watoto wadogo, moto wa jiko. Januari Paulina akafika na kifurushi cha kitambaa kilichofungwa mafundo juu ya mafundo. Mwalimu Akonaay alikuja darasani mwenyewe kukifungua. Filimbi ilikuwa imeng'aa, nzito, inateleza mkononi. Bibi alikuwa ameipaka samli, nje na ndani, kama anavyopaka vibuyu vyake vya maziwa visipasuke kwa jua. Kila siku ya likizo, Paulina alisema, akishamaliza kupiga, bibi aliichukua, akaipaka, akailaza juu ya dari pamoja na vibuyu. Matundu yote yalikuwa yameziba.

Darasa zima lilimwangalia mwalimu mkuu. Aliigeuza ile filimbi, akainusa. Kisha akavua koti, nililiona shati lake kwa mara ya kwanza, akaenda mwenyewe jikoni kuomba maji ya moto. Tukaisafisha sisi wawili, yeye na mimi, kwa unyoya na sabuni. Paulina akapuliza, sauti ikatoka, na darasa likajaa harufu ya samli.

"Juni," Mwalimu Akonaay akasema huku akifuta mikono, "wape wote waende nazo."